Kuku wa Matope, Mbuzi wa Reli na Panda wa Jalalani: Chimbuko la Kapelo za Besiboli Zenye Vichekesho

Mleta uzi (Kibanda cha Kapelo, Mwanza)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nauza kapelo za mitumba Mlango Mmoja, huu ni mwaka wa sita, na nimekwisha kuzoea kwamba belo la kofia likifunguliwa, sehemu kubwa itakuwa herufi za NY ambazo kila kijana anazijua, nyingine zitakuwa matangazo ya matrekta na kampuni za rangi, na zitakazobaki zitakuwa na picha ambazo hakuna mtu sokoni anayeweza kuzieleza. Mwezi uliopita nilitoa kapelo ambayo mbele yake pamedariziwa kitu cha mviringo cha rangi ya kahawia isiyokolea, chenye macho mawili, mdomo uliopanuka na ulimi wa njano wenye pembe nne. Mama lishe jirani yangu alisema ni andazi lililokasirika, kijana wa bodaboda akasema ni kiatu, na mwanangu wa darasa la tatu akaapa kwamba ni kiazi kinachocheka. Niliiweka pembeni bila kuiuza, kwa sababu siwezi kumuuzia mtu kitu ambacho mimi mwenyewe nimeshindwa kukitaja.

Nilipotafuta maneno yaliyoshonwa ndani nikagundua kwamba ni ya timu ya besiboli ya Montgomery Biscuits, kutoka mji mkuu wa jimbo la Alabama, iliyoanza kucheza kwa jina hilo mwaka 2004. Kwa Wamarekani wa kusini, hiyo wanayoiita "biscuit" si biskuti yetu ya pakiti. Ni mkate mdogo laini, ndugu wa skonzi, unaopasuliwa ukiwa wa moto na kupakwa siagi. Ule ulimi wa njano ndiyo siagi yenyewe. Uwanjani kwao hufika wakati mikate hiyo ikarushwa kwa mashabiki kwa kifaa mfano wa mzinga, na watu wazima wakaruka kuidaka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizikusanya badala ya kuziuza, jambo ambalo mke wangu halifurahii, na nimeona nilete hapa niliyoyapata.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kofia hizi hazitoki kwenye ligi kuu. Klabu kubwa 30 za Marekani na Kanada zina nembo za heshima, nyingi zikiwa herufi tupu. Vichekesho viko kwenye madaraja ya chini, ambako tangu mageuzi ya mwaka 2021 kuna timu 120, kila klabu kubwa ikilelea vijana wake katika timu nne. Wachezaji wanaajiriwa na klabu kubwa, na ndiyo inayoamua nani apande na nani ashuke. Kwa hiyo mji mdogo hauwezi kumnadi nyota wake, maana akianza kung'ara mwezi wa tano, mwezi wa sita ameshachukuliwa. Kinachobaki ni jina, chakula cha uwanjani, na kofia, na hapo ndipo timu inapomwaga ubunifu wake wote.

Tazameni Hartford Yard Goats wa Connecticut. Kofia ina kichwa cha mbuzi aliyeuma gongo la besiboli mpaka likavunjika, na mtu wa haraka angesema hao ni wafugaji. Kumbe "mbuzi wa yadi" ni jina la mitaani la wafanyakazi wa reli kwa kile kichwa kidogo cha treni kinachosukuma mabehewa ndani ya stesheni, ambacho hakisafiri popote. Mwaka 2016, timu ilipohamia Hartford, uwanja haukuwa umekamilika, na mbuzi huyo asiyesafiri akalazimika kucheza msimu mzima ugenini. Hata rangi zao za bluu na kijani zina machozi ndani yake, kwa kuwa zinakumbusha timu ya magongo ya barafu ya mji huo, Whalers, iliyohamishiwa North Carolina mwaka 1997.

Ninayoiheshimu kuliko zote ni ya Lehigh Valley IronPigs, ya Allentown katika jimbo la Pennsylvania. Ni kichwa cha nguruwe wa chuma mwenye hasira. Zamani chuma ghafi kilipotoka tanuruni kilimwagwa kwenye mfereji mkuu uliochimbwa mchangani, ukiwa na vijifereji vingi ubavuni, na wafua chuma wakaona vinafanana na vitoto vya nguruwe vinavyonyonya mama yao; kwa Kiingereza chuma hicho kikaitwa chuma cha nguruwe hadi leo. Bonde hilo ndilo lililokuwa makao ya Bethlehem Steel, iliyoacha kufua chuma mjini Bethlehem mwaka 1995 na kufilisika mwaka 2001. Timu ilianza mwaka 2008. Hivyo mtoto ambaye hajawahi kuona tanuru likiwaka anavaa kichwani jina la kazi ya babu yake.

Nikiri pia kwamba timu hiyo ilinitia hasara. Niliwahi kuuza kapelo yao nyingine, ile iliyodariziwa kipande cha nyama ya nguruwe kilichokaangwa, ambayo timu ilianza kuivaa mwaka 2014. Mteja alidhani ni mawimbi ya ziwa. Alipoambiwa msikitini ni kitu gani alirudi kwangu, nami nikamrejeshea fedha zake bila ubishi.

Mbeba Boksi wa Ohio

Mkuu, umenigusa. Ninaishi Ohio kwa mwaka wa tisa na jimbo hili lina mbili ambazo hupaswi kuzikosa.

Ya kwanza ni Toledo Mud Hens, yaani kuku wa matope. Jina hilo ni la mwaka 1896, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utani huu umebuniwa juzi na vijana wa kompyuta. Wakati ule mchezo wa Jumapili ulikatazwa ndani ya mji, timu ikaenda kucheza nje, kwenye uwanja uliopakana na kinamasi kilichojaa ndege weusi wa majini, wale jamii ya kukuziwa. Mashabiki wakawaunganisha wachezaji na ndege. Katika miaka ya 1970 mwigizaji Jamie Farr, mzaliwa wa Toledo, aliivaa kofia yao kwenye tamthilia ya televisheni iliyohusu vita ya Korea, na watu ambao hawangeweza kuonyesha Toledo kwenye ramani wakaanza kuitafuta.

Ya pili ni Akron RubberDucks, bata wa mpira, jina lililoanza mwaka 2014. Mgeni hufikiri ni yule bata wa njano wa kuogea watoto, na kweli utani huo upo, ila Akron ulikuwa mji mkuu wa matairi duniani: Goodrich, Goodyear, Firestone na General Tire zote zilikuwa na makao hapa. Wenzangu wa Arusha watakumbuka kiwanda cha General Tyre kilichosimama. Jina lile lilitoka Akron. Nilipomweleza mzee mmoja uwanjani kwamba nyumbani kwetu gari la baba lilivaa matairi yenye jina la kampuni ya mji wake, alinyamaza kidogo, kisha akaninunulia soda. Alisema alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na mbili.

Shabiki wa Jangwani

Hiyo ya kuku wa matope nimeielewa kuliko mlivyoielewa nyote. Sisi wana Yanga tunaitwa vyura kwa sababu mvua ikinyesha Jangwani panajaa maji. Tofauti ni kwamba sisi tunaitwa hivyo na watani, wakati wao wamejiita wenyewe na kujidarizi kwenye paji la uso. Chura akichorwa vizuri na kushonwa kwa uzi wa njano na kijani, mimi ningevaa hadharani, na mtani angebaki hana la kusema.

Mpenda Ubishi

Naomba nitie mchanga kidogo kwenye pilau. Mnazungumza kana kwamba nembo hizi zimechipuka zenyewe kutoka kwa wananchi, ilhali nyingi zimechorwa na ofisi moja ya San Diego inayoitwa Brandiose, ya marafiki wawili wa utotoni, Jason Klein na Casey White. Wanaajiriwa, wanazuru mji, wanaondoka, na baada ya miezi kadhaa kunatangazwa jina la ajabu. Matokeo yake ni kwamba mnyama wa Texas, mnyama wa Alabama na mnyama wa Connecticut wote wamekunja nyusi kwa namna moja na kukenua meno kwa namna moja. Kofia zenyewe zinatengenezwa na New Era ya Buffalo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1920. Hiyo ni biashara, na "chimbuko" mnalolisifu ni maelezo ya kwenye tangazo.

Mleta uzi

Mkuu, ubishi wako una uzito na sitaupuuza. Ni kweli kuhusu ofisi ya San Diego, na ni kweli kwamba hizo nyusi zimenichosha hata mimi; nikipanga kofia ishirini mezani, kumi na mbili zinanikodolea macho kama askari wa mgambo. Lakini angalia kinachotokea mnyama akishafika mjini.

El Paso, mji wa Texas ulio mpakani na Mexico, ilipotangaziwa mwaka 2013 kwamba timu yake itaitwa Chihuahuas, wenyeji wengi walikasirika kwa kuitwa vijibwa. Mji ule umo ndani ya jangwa la Chihuahua, na ng'ambo ya mpaka ndilo jimbo la Chihuahua, kwa hiyo jina halikutoka mbali. Timu ilianza kucheza mwaka 2014, na yule mbwa mdogo mwenye sikio lililotafunwa sasa yuko kwenye vichwa vya watu walewale. Amarillo nao walipewa Sod Poodles, jina la kale la walowezi kwa yule mnyama wa jamii ya kindi anayechimba mashimo mbugani. Walilalamika kwamba hawajawahi kulisikia. Mwaka 2019, msimu wao wa kwanza, timu ikatwaa ubingwa wa ligi ya Texas, na malalamiko yakapata pa kupumzikia.

Nakubali vilevile kwamba si kila utani unashika. New Orleans walibadilisha jina mwaka 2017 wakawa Baby Cakes, kutokana na keki ya msimu wa Mardi Gras, sherehe za kabla ya Kwaresima, ambayo ndani yake hufichwa kitoto cha plastiki, na anayekipata kwenye kipande chake ndiye anayenunua keki ijayo. Mila ni nzuri. Kwenye kofia, hata hivyo, waliweka mtoto mchanga mwenye sura ya ugomvi akichomoza kutoka kwenye keki, na nilipoionyesha hapa kibandani, mama mmoja aligeuza uso. Baada ya msimu wa 2019 timu ilihamia Wichita.

Kuhusu picha kuwa hila ya kisasa, Detroit waliweka chui milia mwekundu kwenye kofia zao mwaka 1901. Utani ndio mpya kidogo. Picha si mpya.

Fundi Darizi

Mimi nashona nembo kwa mashine ya darizi, kwa hiyo niruhusuni nizungumzie mkono badala ya jina. Kapelo ya aina hii, ile yenye umbo gumu ambalo New Era wameitengeneza tangu mwaka 1954, ina vipande sita vya kitambaa vinavyokutana juu kwenye kifungo. Maana yake mshono unapita katikati ya paji la uso, mahali haswa ambapo nembo inatakiwa kukaa, na nyuma yake kuna kitambaa kigumu kinachoshikilia umbo. Sindano ikikutana na mshono huo huyumba. Ndiyo maana kofia hushonwa kuanzia chini kwenda juu, na kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianza upande mmoja kwenda mwingine, kitambaa kinasukumwa mpaka kinafanya mkunjo, na mnyama wako anapata kovu puani.

Hapo ndipo ninapomjibu Mpenda Ubishi kuhusu zile nyusi. Nafasi ya mbele ni ndogo kuliko kiganja cha mtoto, na manyoya, magamba na vidole huvurugika kwenye uzi. Kinachobaki kikionekana kutoka upande wa pili wa barabara ni macho na meno. Mchoraji anayejua mashine atakuza macho na kuyazungushia mstari mnene wa rangi nzito, hata kama mnyama mwenyewe ni mpole. Lake Elsinore Storm wa California walikwenda mbali zaidi, wakaweka macho mawili tu ya hasira bila uso wowote, na nionavyo mimi hiyo ndiyo kapelo iliyochorwa kwa akili kuliko zote mlizozitaja. Kulikuwa pia na Casper Ghosts wa Wyoming, ambao kuanzia mwaka 2008 walivaa nembo ya mzimu inayong'aa gizani. Uzi wa namna hiyo unakatika kwa sababu isiyo na msingi, na aliyezishona ana pole zangu.

Mbeba Boksi wa Ohio

Mleta uzi, usisahau Rocket City Trash Pandas. Nilipita Alabama nikainunua.

Mleta uzi

Nilikuwa naihifadhi, maana jina la uzi huu linamdai. "Panda wa jalalani" ni jina la utani la mtandaoni la rakuni, yule mnyama wa Amerika Kaskazini mwenye alama nyeusi machoni kama barakoa ya mwizi, anayefungua mapipa ya taka usiku kwa vidole. Timu iko Madison, jirani na Huntsville, mji ambao kituo chake cha NASA, Marshall, ndicho kilichosanifu roketi ya Saturn V iliyopeleka watu mwezini. Kwenye nembo rakuni amepanda pipa la taka lililogeuzwa kuwa roketi. Mashabiki wenyewe walishiriki kulichagua jina mwaka 2018. Ilikuwa waanze kucheza mwaka 2020, korona ikafuta msimu, na kofia zikaendelea kuuzwa kwa wingi mpaka mwaka 2021 timu iliposhuka uwanjani kwa mara ya kwanza. Nimewahi kusikia mchezaji bila timu. Hii ilikuwa kofia bila mchezo.

Kuna pia kofia za usiku mmoja. Timu ya Fresno, California, mwaka 2015 ilijiita Tacos kwa heshima ya chakula cha Kimexico kinachouzwa kwenye magari, na tangu hapo miji mingi imeweka chakula chake kichwani kwa siku maalumu. Staten Island, New York, mwaka 2018 walicheza baadhi ya mechi kwa jina la Pizza Rats, kwa sababu ya video ya mwaka 2015 ya panya aliyekuwa akiburura kipande cha piza kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi. Na mwaka huohuo wa 2018, chini ya mpango wa kuwaenzi mashabiki wanaozungumza Kihispania, San Antonio walitoa Flying Chanclas, yaani ndala zinazopaa. Ndala hiyo ni ya mama au bibi, na inapaa kwa sababu mtoto amejibu vibaya. Hii sikuhitaji kumweleza mteja hata mmoja. Nilizipata mbili kwenye belo moja na zote zilinunuliwa siku hiyohiyo, moja na mama wa makamo aliyesema anampelekea mwanawe aliyeko chuoni, ili akumbuke.

Shabiki wa Jangwani

Sasa, mkuu, na wewe Mwanza utavaa nini?

Mleta uzi

Swali hilo lilinikuta nimeshajiumiza. Mwezi uliopita nilipeleka mchoro kwa fundi mmoja wa hapa mjini: dagaa aliyesimama wima akishika karabai, ile taa ya wavuvi wa usiku. Nililipa kapelo kumi na mbili. Zilipotoka, dagaa alikuwa msumari na karabai ilikuwa nyanya, na mkunjo alioueleza Fundi Darizi ulikuwa umepita katikati ya mgongo wa samaki kama barabara ya vumbi. Nilikuwa nimesisitiza magamba yaonekane, kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu.

Baada ya kusoma maelezo ya hapo juu nilichora upya. Nimeondoa magamba yote, nimekuza jicho moja mpaka limechukua robo ya samaki, nimelizungushia uzi mweusi, na taa nimeiacha kuwa duara la njano lenye miale mitatu. Fundi ameanzia katikati, chini kwenda juu. Jumamosi nimezipokea, na safari hii dagaa ni dagaa.

Ya kwanza aliichukua mzee mmoja mvuvi kutoka upande wa Igombe. Aliigeuza mikononi kwa muda mrefu, akapapasa lile jicho kwa kidole gumba, kisha akaniuliza mbona samaki ameshika taa yeye mwenyewe, wakati taa hiyo ndiyo inayomfuata kumuua. Sikuwa na jibu. Alicheka, akalipa bila kuomba apunguziwe, akaondoka ameivaa.

Zimebaki kumi na moja.